Hapa Hasimami Mtu

Pete ya ringi iliporuka, fundi Upepo alikuwa anawaza mengine. Tairi lilikuwa la trela la mwenye mashine ya kusaga, kubwa, kuukuu, na kila fundi wa pancha anajua kwamba tairi la namna hiyo halijazwi hivi hivi. Linafungwa mnyororo, au linaingizwa kwenye kizimba cha vyuma, ili ile pete inayolishikilia ikikataa kukaa, ugomvi wake uishie humo humo. Kizimba Upepo alikuwa nacho, akakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kipindi kile biashara ilipolala. Mnyororo ulikuwepo, umetundikwa ukutani, lakini mtu mwenye haraka na mnyororo wapi na wapi! Mlio ulisikika mpaka sokoni.

Mkewe alikuwa anachemsha chai pembeni ya kibanda. Aligeuka akamkuta amekaa chini, ameegemea kompresa, mikono miwili tumboni.

"Mama watoto," akasema polepole, "nadhani nimeumia."

"Wapi? Mbona sioni damu?"

"Hata mimi siioni."

Mama yake Upepo, Bibi kama wote walivyomwita, aliyekuwa anachambua maharage kwa kupapasa kivulini, alisimama ghafla na ungo ukamwagika. Aliomba mtu wa pikipiki aende zahanati akamlete muuguzi, na muuguzi hakukawia, alifika na glavu moja mkononi na nyingine ameing'ata mdomoni. Akampapasa fundi tumbo, akaminya hapa, akaminya pale, Upepo akapiga ukelele ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake hata siku moja.

"Tumbo linazidi kuwa gumu," muuguzi alisema. "Damu inavujia ndani. Mimi pale nina panadol na bandeji, huyu anataka kupasuliwa. Hospitali kubwa, na iwe sasa hivi."

"Gari la wagonjwa je?" mke aliuliza.

"Nimepiga simu nikiwa njiani. Limepeleka maiti ya mkubwa mmoja kwao. Wanasema litarudi jioni."

"Jioni!" Bibi akadakia. "Jioni mwanangu atakuwa wapi?"

Muuguzi alivua glavu, akazikunja ndani nje, akatazama barabara kuu. "Simamisheni gari lolote. Si hayo yanapita?"

Ndiyo, yalikuwa yanapita. Hapo ndipo penye habari yenyewe, na bora tuseme wazi mapema tusije tukadanganyana. Zamani barabara ilikata mji huu katikati, na hakuna dereva aliyepita bila kusimama. Walikula, walilala, walioga, walitukanana, walizibiwa matairi. Kisha ikajengwa barabara mpya, pana, imenyooka, ikapitishwa nje ya mji, na kilichobaki kwetu ni mvumo tu. Upepo hakukata tamaa. Alibomoa kibanda chake, akakihamishia kwenye njia panda, akaandika PANCHA kwa rangi nyekundu kwenye bati, akakaa kusubiri. Alisubiri mpaka akachoka. Lami mpya haitoboi tairi la mtu.

Basi akaitoboa riziki yake mwenyewe. Alichukua misumari, akaisokota miwili miwili kwa koleo, hivi kwamba ukiiangusha vyovyote vile ncha moja inatazama juu. Mwanzoni aliimwaga kabla ya kufika kibandani, lakini dereva mmoja akamkodolea macho: "Pancha hapa, na fundi hapa hapa?" Upepo akajifunza. Akaanza kuimwaga mbele, kona ya pili, magari yakiwa yameshampita. Mtu aliyekwama kule anakumbuka kwamba kuna kibanda alikiona nyuma, anarudi kwa miguu yake, jasho linamtoka, na anashukuru kwamba fundi yuko karibu. Upepo anampa pole, anapakia jeki kwenye pikipiki, wanaondoka. Mkewe anamuuzia dereva chai wakirudi. "Leo Mungu ametuona," alikuwa akisema kila mara, na Upepo anaitikia, "Ametuona kweli."

Mke hakujua. Aliiona suruali ya mumewe imeloa umande asubuhi, akaambiwa alikwenda kutafuta kuni, akaamini, kwa sababu na kuni zilikuwepo. Asubuhi ya siku aliyoumia pia suruali ilikuwa imeloa.

*

Walimbeba kwa mlango wa kibanda. Waliung'oa kwenye bawaba, wakamlaza juu yake, wakamweka ukingoni mwa lami mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angemwona. Muuguzi alirudi zahanati, kulikuwa na mwanamke aliyemwacha na uchungu wa kuzaa. Aliyekuwa na pikipiki naye akaondoka, akasema anakwenda kumtafuta mwalimu mkuu mwenye kigari, ingawa kila mtu alijua kigari hicho kiko juu ya mawe tangu mwaka jana.

Mke alivua aproni akaanza kuipunga.

Basi la kwanza lilipita. Abiria walimtazama kupitia vioo, wote kwa pamoja, kisha wakatazama mbele. Likaja pikapu la nyanya, likapunguza mwendo, moyo ukampanda, na lilipofika karibu likaongeza mwendo ghafla mpaka nyanya mbili zikadondoka. Lilikuja lori, likapiga honi kutoka mbali na halikuiacha mpaka lilipopotea. Likaja gari dogo jeupe, ndani mna mwanamume wa tai na mkewe. Hilo lilipunguza kweli. Kioo kikashuka kidogo, mkono ukatoka, noti ikadondoka barabarani, kioo kikapanda.

"Sikuomba pesa!" mke alipiga kelele nyuma yake. "Nimeomba gari! Mgonjwa! Hamna macho?"

Noti ilikuwa inapeperuka. Bibi aliikimbilia, akaikanyaga, akaiokota na kuifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Mkwewe alimtazama.

"Usiniangalie hivyo," Bibi alisema. "Hospitali watatudai."

Likaja lori lingine. Safari hii mke aliingia barabarani kabisa, mikono juu. Dereva alikata usukani, akampita kwa upande, akatoa kichwa dirishani.

"Wezi wakubwa nyie! Tumeshawajua! Leo mmeleta na mwanamke!"

Alibaki pale kwenye lami, upepo wa lori umemvuruga nywele. Kisha akarudi kwa mumewe, akapiga magoti karibu na ule mlango.

"Baba watoto, wanatuita wezi. Sisi tumeiba nini? Hebu niambie, kuna watu wanaiba hapa?"

Upepo alikuwa amefumba macho. Midomo imemkauka. "Nipe maji," akasema.

"Muuguzi kakataza maji."

"Basi niache."

Alimlowanisha midomo kwa ncha ya aproni. Alidhani ni maumivu yanayomfanya ageuzie uso upande wa majani. Maumivu yalikuwepo, lakini aibu ilikuwepo pia, tena aibu ya mtu anayejua jibu na anaulizwa na asiyejua kitu. Angemwambia nini? Kwamba madereva wameambizana misumari ile ni mtego wa wezi? Kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndiye aliyeifundisha barabara nzima isimsimamie?

Magari yaliendelea. Mke aliacha kupunga, akaifunga aproni tena kiunoni, akaanza kuomba tu, kila gari na ombi lake: kaka, baba, mjomba, dada yangu, mzee wangu. Sauti ikamkauka. Upepo alianza kutetemeka ingawa jua lilikuwa kali, na alipoguswa paji la uso lilikuwa la baridi na limelowa.

Bibi ndiye aliyechoka kwanza. Alivua kandambili zake, akazipanga vizuri ukingoni, akatembea mpaka katikati ya lami na kukaa chini. Akanyoosha miguu.

"Mama! Utakanyagwa!"

"Wanikanyage. Atakayenikanyaga atalazimika kusimama."

*

Aliyesimama alikuwa dereva wa lori la saruji, linarudi tupu. Alipiga breki mpaka matairi yakalia, bampa likakomea karibu na miguu ya Bibi. Hakushuka. Alifunga milango kwanza, mlio wa kufunga ukasikika, kisha akateremsha kioo kidogo tu. Mkononi ameshika spana ya gurudumu.

"Bibi, umechoka kuishi?"

"Mwanangu anakufa," Bibi alisema, bado amekaa. "Mpeleke hospitali, halafu urudi unikanyage ukitaka."

"Wengine wako wapi? Vijana wenu wamejificha wapi?"

"Vijana gani, kaka?" mke alikimbilia dirishani. "Tuko sisi tu. Mume wangu kapigwa na pete ya ringi. Mtazame yule pale!"

"Namwona. Hana hata tone la damu."

"Damu iko ndani!"

"Ndani!" Dereva alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Dada, nimeendesha magari tangu wewe hujaolewa. Nimeona mtu amejipaka rangi, nimeona mtoto amelazwa barabarani amefunikwa shuka. Madereva wote tumeambizana: kutoka njia panda hii mpaka kona ya pili, hapa hasimami mtu. Hata ukute maiti, iruke. Unajua mwenzangu alipasuka tairi pale mbele mwezi uliopita? Lori likamlalia. Sasa hivi ana mguu mmoja, na mkewe kamkimbia. Kwa hiyo usiniambie habari za ndani."

Upepo aliyasikia yote. Ajali hiyo aliijua, mji wote uliijua. Yeye alikuwa amejiambia ni breki. Alikwenda hata kuitazama, akawaambia watu kwa sauti, "Breki hizi," na watu wakakubali kwa sababu fundi kasema.

Mke alirudi kwenye mlango, akashika shati la mumewe na kulipandisha mpaka kifuani, kule kule barabarani, mbele ya mtu asiyemjua. Tumbo lilikuwa limevimba, limekaza, limekuwa na rangi ya zambarau upande mzima wa kushoto, na alama ya pete imejichora katikati, duara la chuma limeacha njia yake kwenye ngozi.

"Haya, tazama," alisema. "Tazama vizuri. Ushuke uguse ukitaka. Au nimpasue hapa hapa ndiyo uamini?"

Dereva alitazama. Spana akaiweka chini. Alitukana kitu au mtu, haikujulikana nani, na milango ikafunguka.

"Mwingizeni. Haraka. Tena kwa uangalifu, nyuma ya kiti kuna kitanda."

*

Ndani ya lori Upepo alilazwa kwenye kitanda cha nyuma, mama yake akakaa upande wa kichwani, kichwa cha mwanawe akakipakata. Mke akakaa mbele na dereva. Lori likachukua mwendo. Mke alianza kulia sasa, baada ya kujizuia muda wote ule, na dereva akampa kitambaa chake cha kufutia jasho bila kugeuka.

"Nisamehe, dada," alisema. "Watu wengine wametuharibu roho. Tutafika. Mimi hili nikilikanyaga linakwenda."

"Mungu akubariki, kaka. Mungu awabariki na watoto wako."

"Ninao wanne."

Upepo alikuwa anatazama dari. Haoni barabara, lakini barabara hii alikuwa anaijua kwa mgongo. Hapo wamevuka daraja. Hapo kona ya kwanza, injini inabadilisha sauti. Mwendo unaongezeka. Baada ya hapo kuna tambarare kidogo, kisha kona ya pili, ambapo lami imeinuliwa juu ya tuta refu na pembeni kuna vyuma tu, na chini ya vyuma kuna bonde. Alfajiri ile alikuwa amesimama pale akimwaga misumari kama mtu anayewapa kuku mtama.

Akisema, dereva atawashusha. Nani asingewashusha? Atamtupa hapo kando, na atakuwa na haki, na hakuna gari lingine litakalosimama. Asiposema, tairi la mbele litakanyaga kwa mwendo huu huu, kwenye kona, na yeye anajua kuliko mtu yeyote tairi la mbele likipasuka usukani unakwenda wapi. Ndani ya lori yumo mama yake. Yumo mkewe. Yumo mtu mwenye watoto wanne. Alitamani sana kuishi. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kutamani hivyo, mpaka meno yakauma. Aliomba, kwa aibu, labda magari mengine yameshaizoa yote.

"Simama," akasema.

Hakuna aliyesikia ila mama yake. "Jamani, anasema simama."

"Anataka kutapika?" dereva aliuliza. "Mpe kile kindoo."

"Simama!" Nguvu iliyomtoka ilimshangaza hata yeye. "Simamisha gari, kaka. Kuna misumari mbele."

Dereva alikanyaga breki. Mke aligeuka kwenye kiti.

"Misumari gani, baba watoto? Umejuaje?"

Upepo alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu alipoumia.

"Ni yangu," akasema. "Nimeimwaga mimi. Siku zote nilikuwa mimi."

*

Dereva alishuka peke yake. Walimwona kupitia kioo akitembea kuelekea kwenye kona, ameinamisha kichwa, kisha akachuchumaa. Aliporudi alikuwa na kitu kwenye kiganja. Hakumtazama fundi. Alikiweka juu ya dashibodi mbele ya mke, misumari miwili iliyosokotana, na mke akaitambua ile misokoto, maana ndoano za kutundikia vikombe vyake vya chai zilisokotwa hivyo hivyo.

"Ni mingapi?" dereva aliuliza.

"Sikuhesabu. Mfuko mdogo."

"Upande mmoja?"

"Pande zote. Na magari yakipita yanaisukuma." Pumzi ilimkatika. "Kaka, yule mwenzako..."

"Usinitajie." Dereva alishika mlango kwa mikono miwili. Mishipa ilikuwa imemtoka shingoni. "Nyamaza kabisa. Ukisema neno lingine nitakushusha, na Mungu wangu shahidi."

Bibi alianza kuomba msamaha, mara kwa dereva, mara kwa Mungu, akichanganya majina. Dereva alimwacha aseme. Akamgeukia mke.

"Wewe, shuka. Nenda mbele uokote. Mimi nitakufuata nyuma yako polepole, nimewasha taa. Huwezi kupita pembeni, ni vyuma, na siwezi kuliacha gari kwenye kona. Ukiacha hata mmoja, mumeo hafiki. Umenielewa?"

Alishuka. Aproni yake ilikuwa na mfuko mkubwa mbele wa kuwekea chenji za chai. Aliinama, akaokota wa kwanza. Wa pili ulikuwa karibu na mstari mweupe. Lori likanguruma nyuma yake, likasogea, likasimama. Lami ilikuwa ya moto mpaka joto likapita kwenye kandambili. Aliokota kwa haraka, ncha zikamchoma vidole, akajifuta damu kwenye aproni na kuendelea. Machozi yalikuwa yanamzuia kuona, akawa anayafuta kwa mgongo wa mkono kwa hasira, maana hayo machozi yangeweza kumpitisha msumari mmoja. Alimchukia. Alitaka apone amchukie vizuri, akiwa mzima, amkalishe chini amuulize chai ile aliyokuwa anawauzia watu wale ilikuwa chai gani.

Nyuma ya lori magari yalianza kujipanga. Honi zikaanza, moja, kisha nyingi. Basi lilikuja upande wa pili nalo likasimama, halina njia. "Kichaa huyo!" mtu akapiga kelele. "Mtoeni huyo mama barabarani!" Yeye hakuinua kichwa. Mfuko ulikuwa mzito, unamgonga magotini kila akiinama, na kila akidhani amemaliza anaona mwingine unang'aa mbele.

Alipokuwa katikati ya kona, injini ya lori ilizimwa.

Alisikia mlango ukifunguka, na hatua za Bibi zikija taratibu, peku, juu ya lami ya moto.

"Muulize ameishia wapi," alisema bila kugeuka. "Muulize alimwaga mpaka wapi, mama, sioni mwisho wake."

"Mwanangu, inuka."

"Muulize kwanza!"

"Hajibu tena." Sauti ya Bibi ilikuwa chini sana. "Amekwenda, mwanangu. Amekwenda nimemshika."

Mke alibaki ameinama vile vile, mkono umenyooshwa kwenye msumari ambao alikuwa bado hajaugusa. Bibi alisimama juu yake kwa muda. Halafu akajishusha, goti moja kisha la pili, na kwa kuwa macho yake hayaoni vitu vidogo, akaanza kupapasa lami kwa viganja. Akaupata mmoja. Akautia kwenye mfuko wa aproni ya mkwewe, akapapasa tena. Mke akaokota ule wa kwake.

Honi zilikuwa zimenyamaza moja moja. Kondakta wa basi aliteremka, akaja mbio akiwa na hasira, na alipowaona wanawake wawili wamepiga magoti barabarani akapunguza hatua.

"Jamani, akina mama, vipi? Mnatafuta nini humu?"

Bibi aliendelea kupapasa. Mke alisimama wima kwa mara ya kwanza, akaufungua mfuko wa aproni ili kondakta aone, na akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye madirisha ya basi.

"Misumari ya mume wangu."